Kupenda Maneno na Kuandika kwa Wepesi: Mhadhara kwa Waandishi wa Bonde la Mbwemkuru

Jioni nzima imetengwa kwa ajili ya uandishi, katika majira ambayo kila nyumba ya Nachingwea na Ruangwa inawaza palizi ya mikorosho na bei ya salfa. Wapo waliopanda bodaboda tangu mchana ili wafike hapa. Muda wao utaheshimiwa.

Mhadhara huu una kusudi moja. Unataka kuonyesha kwamba mtu anayeyapenda maneno kwa dhati ndiye mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuandika kwa wepesi. Imani iliyoenea ni kinyume chake. Kijana mwenye kipaji hudhani mapenzi yake kwa lugha yataonekana akirundika msamiati. Akiajiriwa, hudhani barua ya kiofisi sharti ichoshe. Anayemshauri aandike kwa urahisi humwona kama mtu anayemwomba aache kipaji chake mlangoni.

Katika bonde hili jambo hilo lina uzito wa pekee. Mbwemkuru, mto unaoteremkia Bahari ya Hindi kati ya Kilwa na Lindi, unapita katika nchi ya lugha nyingi. Kiswahili hapa kinakaa pamoja na Kimwera, Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kingindo, na wengi walioko ukumbini walijifunza kuzungumza kwa lugha moja na kusoma kwa nyingine. Sentensi iliyopindapinda huwachosha mara mbili: kwanza wanapambana na lugha, kisha wanapambana na mwandishi.

Hoja ya kwanza: apendaye maneno huyachagua

Shaaban Robert anafaa kutangulia, maana yeye ndiye hutajwa kila mara na watetezi wa lugha ya mapambo. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, Januari 1909, akafariki Juni 1962. Kati ya tarehe hizo mbili aliandika mashairi, tenzi, insha, hadithi na wasifu kwa wingi ambao waandishi wachache wa Kiswahili wameufikia. Husahaulika kwamba kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, na baada ya hapo alihudumu katika ofisi nyingine za serikali. Ukarani wa forodha hauvumilii mapambo. Mzigo ni huu, uzito wake ni huu, ushuru wake ni huu. Ukikosea tarakimu moja, mtu analipa kisichomhusu. Si haki kumsoma mshairi na kumsahau karani, kwa kuwa mkono ulioandika ni mmoja.

Kichukueni kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Lugha yake si ya sokoni. Ina mizani na heshima, na mara nyingine hupanda juu kidogo kuliko mazungumzo ya watu. Hata hivyo mwanafunzi wa sekondari akikisoma mara moja anaweza kusimulia kesi yote: mshtakiwa ni Karama, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, na katika utetezi wake anawaeleza wakuu habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali wakarudi na mawazo mema na kuishia kifungoni. Nani alikwenda wapi, alileta nini, alitendwa nini: hakuna linalopotea. Hilo ndilo jaribio ambalo mapambo matupu hayalishindi. Msomaji akifunga kitabu akabaki na sauti nzuri masikioni bila habari yoyote ya kusimulia, mwandishi alijiandikia mwenyewe.

Wa pili ni Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar, muumbaji wa mpelelezi Bwana Msa. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, na wanaoifahamu wanajua alivyokuwa fundi wa Kiswahili cha Unguja, cha utani, cha majina na cha mikato ya maneno. Kuanzia 1958 hadi 1968 mtu huyohuyo alikuwa mhariri wa jarida la kilimo la Zanzibar lililoitwa Mkulima. Maofisa ugani mliopo mnaalikwa kulitafakari hilo kwa utulivu. Riwaya ya upelelezi na makala ya kilimo zinadai adabu ileile. Katika riwaya, msomaji asipojua mlango upi ulifungwa na saa ngapi, kisa kinakufa. Katika makala, mkulima asipojua apande lini na kwa nafasi gani, shamba linakufa.

Mwalimu Julius Nyerere naye anastahili kutajwa, ila kwa jambo moja tu. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye shida zote za nchi changa, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Hakuiacha hapo. Aliirudia, akairekebisha, na toleo jipya, Juliasi Kaizari, likatoka mwaka 1969, mwaka uleule wa tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi. Mkuu wa nchi alipata nafasi ya kurudia maneno yake mwenyewe na kuyasahihisha. Mtendaji anayesema hana muda wa kuisoma barua yake mara ya pili kabla ya kuigonga mhuri anaombwa aufikirie mfano huo.

Wazee waliopo hapa wana ushahidi wa zamani kuliko wote hao. Kitendawili kinasema: nyumba yangu haina mlango. Maneno manne, na hakuna hata moja la kutafutiwa kamusi. Mtoto wa miaka mitano anayajua yote, na bado anakuna kichwa mpaka aambiwe kuwa ni yai. Waliotunga vitendawili walipenda maneno kupita kiasi. Ndiyo maana waliyatumia machache. Ugumu waliuweka kwenye fikra, wakaiacha lugha iwe wazi. Insha nyingi za shuleni siku hizi hufanya kinyume: lugha imefungwa kwa makufuli, na ndani hamna kitu cha kuiba.

Walimu wa darasa la saba hawasemwi kwa ubaya. Wanafundisha kwa kufuata mitihani, na mwanafunzi aliyepachika methali tano katika ukurasa mmoja huonekana amesoma. Lakini mtoto wa Nachingwea anayeweza kueleza kwa sentensi kumi zilizonyooka jinsi mama yake anavyobangua korosho, bila kuruka hatua hata moja, amefanya kazi ngumu zaidi. Anastahili alama za juu, na darasa lisomewe insha yake kwa sauti.

Hoja ya pili: sentensi nzito mara nyingi huficha kazi ambayo haijafanywa

Hapa mhadhara utakaa kwa muda, maana hapa ndipo maumivu yalipo.

Tangazo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya jioni hii. Halikutolewa na ofisi yoyote, ingawa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo atalitambua.

“Wakulima wote wanajulishwa kwamba katika suala zima la uboreshaji wa mnyororo wa thamani wa zao la korosho, zoezi la upokeaji wa korosho ghafi litaanza hivi karibuni, hivyo basi inasisitizwa uzingatiwaji wa vigezo vya ubora ili kutopelekea changamoto katika mchakato wa minada.”

Maneno yote ni ya Kiswahili. Mengi yamo kamusini. Sasa aulizwe mkulima yeyote: apeleke korosho lini? Wapi? Vigezo gani? Nani anasisitiza? Asipozingatia, litampata nini? Tangazo lina kila kitu isipokuwa habari.

Ugonjwa wake una chanzo kinachoonekana. Vitenzi vimekimbia. Badala ya kuboresha kuna uboreshaji. Badala ya kupokea kuna zoezi la upokeaji. Badala ya kuzingatia kuna uzingatiwaji. Katika lugha nyingine hasara hiyo inaweza kuwa ndogo, lakini katika Kiswahili ni kubwa mno, kwa sababu kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendewa kwa pumzi moja. Atakulipa: yumo anayelipa, umo wewe unayelipwa, upo wakati ujao. Andika “ulipaji utafanyika” na umewafuta watu wote wawili. Mdeni ametoroka katikati ya sentensi, na anayedai hana wa kumfuata. Mpenzi wa kweli wa Kiswahili hawezi kuvumilia kitenzi kizuri namna hiyo kivuliwe viambishi vyake hadharani.

Tangazo lilelile likipitia mikononi mwa mtu anayewajali wasomaji wake linaweza kuwa hivi:

“Korosho zitapokelewa katika ghala la chama kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Zianike kwanza mpaka zikauke. Ondoa mawe, majani na korosho zilizooza. Njoo na kitambulisho chako. Karani atapima mbele yako na kukupa stakabadhi. Soma uzito ulioandikwa kabla hujaondoka. Ukiona umekosewa, mwambie meneja wa chama papo hapo.”

Tazameni kilichotokea. Mwandishi wa tangazo la pili amelazimika kuuliza ghala lipi, siku zipi, saa ngapi, na malalamiko yapelekwe kwa nani. Yumkini alipouliza aligundua kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa haujafikiwa, ikabidi watu wakae waamue. Ndiyo maana lugha nzito inapendwa: inaruhusu karatasi itoke kabla ya uamuzi. Anayeandika wazi hana pa kujificha, na ofisi yake pia haina.

Kuna anayeweza kusema hili ni jambo dogo. Si dogo kwa mkulima wa korosho. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, na tangu msimu wa 2007/2008 mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwa njia ya kuuzia korosho kusini. Mkulima anafikisha mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani; kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama kikuu ni RUNALI, ambacho jina lake limetokana na herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa, mkulima hana korosho na hana pesa. Ana karatasi. Jasho la mwaka mzima, kuanzia palizi na kupuliza salfa mpaka kuokota, limehamia kwenye karatasi hiyo. Kama kilo, daraja, makato na tarehe havikuandikwa kwa namna anayoweza kuifuata kwa kidole akiwa amekaa barazani kwake, basi mali yake imewekwa mahali asipoweza kuiona.

Ndugu makarani wa vyama, na ninyi watendaji wa vijiji: haya hayasemwi ili kuwaaibisha. Mlirithi mtindo huo kutoka kwa waliowatangulia, nao waliurithi kutoka kwa ofisi za kikoloni ambazo hazikuwa na nia ya kueleweka na raia. Mtindo wa kurithi unaweza kuachwa. Anzeni na misemo michache. Popote panaposomeka “katika suala zima la”, futeni, kisha someni tena, maana haipungui. “Zoezi la” linaweza kubaki kwa askari na wanamichezo. “Kupelekea” liachwe kwa mtu anayempelekea mwenzake barua au mzigo. Panapohusika chanzo cha jambo, “kusababisha” lipo tangu zamani na halijachoka.

Hoja ya tatu: taifa hili liliwahi kuandika wazi, na watu wakachimba vyoo

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini kwa majuma 12, wakisikiliza vipindi vya redio na kusoma vijitabu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Utaratibu ulikuwa uleule kila juma: sikilizeni kipindi, mmoja asome sura kwa sauti, jadilianeni, kisha kubalianeni mtafanya nini hapa kwetu. Mada zilikuwa malaria, safura, kichocho, kuhara damu na mengine yaliyokuwa yakiua watu. Vyoo vya shimo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu nchi nzima.

Fikirini kazi ya mwandishi wa vijitabu vile. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Msomaji wake, kwa hiyo, alikuwa mtu aliyejifunza herufi juzi, anayesoma polepole na kwa sauti, mbele ya majirani zake. Sentensi ndefu ingemwishia pumzi katikati. Neno lisilojulikana lingemfedhehesha hadharani. Mwandishi alilazimika kumweleza vimelea vya kichocho, konokono na maji ya bwawa, bila kusema uongo wa kisayansi na bila kumdharau msomaji. Mzungumzaji anaona kwamba waandishi wale, ambao majina yao mengi hayakuwekwa kwenye majalada, wanastahili nafasi katika historia ya fasihi ya Kiswahili karibu na washairi.

Juhudi hizo, pamoja na madarasa ya kisomo yaliyoendeshwa chini ya miti, madukani na misikitini, zilibadili nchi. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima tisa katika kila kumi wanajua kusoma na kuandika. Walioandikiwa kwa uwazi waliitikia kwa kusoma.

Kuna jambo la karibuni linalodai moyo uleule. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Karama wa Kusadikika angefurahi. Lakini kubadili lugha ni nusu ya safari. Hukumu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha sentensi yenye mistari kumi na miwili, yenye “ambapo” nne na “hivyo basi” tatu, bado inamhitaji mkalimani. Mama wa Ruangwa aliyefungua kesi ya shamba la marehemu mumewe anapaswa kuisoma hukumu, au kusomewa na mwanawe wa darasa la sita, na kujua ameshinda au ameshindwa, kwa sababu gani, na ana siku ngapi za kukata rufaa. Wanaosomea sheria kutoka wilaya hizi wana kazi kubwa na nzuri mbele yao.

Hoja ya nne: wepesi una nguvu, kwa hiyo una dhima

Mpaka hapa wepesi umesifiwa. Sasa uwekewe mpaka, kwa mifano miwili ya nchi hii hii.

Mwaka 1905 neno moja lilivuka lugha za kusini kote. Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na wengine hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, lakini wote walielewa neno maji. Lilikuwa fupi, la kila siku, na liliahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka. Kwa neno hilo watu waliokuwa wametengana waliungana dhidi ya dhuluma iliyokuwa ya kweli kabisa. Na kwa neno hilo pia wengi walikwenda mbele ya bunduki vifua wazi. Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini, aliijenga tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969 juu ya fumbo hilo: neno likishatoka kinywani mwa mtu na kuingia katika mioyo ya watu, aliyelisema hana tena mamlaka nalo. Wanafunzi wa sekondari mnaoisoma kwa ajili ya mtihani, isomeni mara moja kwa ajili ya uandishi wenu.

Mfano wa pili umelala chini ya miguu yetu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa majuma tisa, na mwanzoni mwa 1947 serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wa kulima karanga katika ekari zipatazo milioni 3.2, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Mpango ulieleweka kwa urahisi mno. Dunia ina njaa ya mafuta, ardhi ipo, matrekta yapo, basi twende. Reli ikajengwa kutoka Mtwara, bandari ikachimbwa. Januari 1951 mpango ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea, na reli yenyewe ikang'olewa baadaye.

Maandishi ya mpango ule yalieleweka, lakini hayakuwa na ukweli wa kutosha kuhusu mvua, udongo na visiki. Kosa lake la pili linatuhusu zaidi. Yaliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya Bunge la Uingereza. Mkulima wa Nachingwea hakuwa msomaji aliyekusudiwa, japo yeye ndiye aliyejua mvua hukatika mwezi gani. Faida kubwa ya kuandika wazi, kwa lugha ya wenyeji, ni kwamba unajitia mikononi mwa watu wanaoweza kukukosoa. Mpango wa mradi ukibandikwa kijijini kwa Kiswahili kilichonyooka, mzee mmoja atasema: bonde hilo hufurika kila masika. Sentensi yake itaokoa fedha kuliko warsha tatu.

Hoja ya tano: maneno mapya yapokelewe kwa adabu

Hoja hii ni fupi. Kuandika kwa wepesi hakumaanishi kuyakimbia maneno mageni au ya kitaalamu. Mkulima wa hapa hutamka ubwiriunga bila kusita, kwa sababu ameuona ugonjwa huo kwenye maua ya mikorosho yake. Mtoto wa Ruangwa, ambako yamegunduliwa na kuchimbwa madini ya kinywe, hana budi kulijua neno kinywe na kuelezwa kwamba ni madini meusi, laini, yanayotumika katika betri na hata ndani ya penseli anayoshika. Elezo moja mara ya kwanza linatosha. Baada ya hapo neno ni lake. Mwalimu Nyerere alipotumia neno la Kizanaki, kung'atuka, na mwaka 1985 akaondoka madarakani kweli, nchi nzima ililielewa neno lile kwa kitendo chake.

Na kwa nini maneno yatoke Uzanaki tu? Kimwera na Kimakua vina majina ya miti, samaki wa mtoni, aina za udongo na hatua za mvua ambayo Kiswahili cha vitabu hakijayapata. Wanafunzi wayakusanye kutoka kwa bibi na babu zao wakati bado wapo. Mwandishi mwenye ghala kubwa la maneno ndiye anayeweza kutoa moja lililo sawasawa. Mwenye machache hulazimika kuzunguka.

Kazi iliyo mbele

Kabla ya kuagana, mzungumzaji anapendekeza kazi moja kwa walimu, wanachuo na vijana wa bonde hili.

Kusini mwa Mbwemkuru, upande wa Lindi, kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba hapo visukuku vya dinosaria walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Mamia ya watu wa nchi hii walichimba, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, safari baada ya safari, mpaka zaidi ya tani 200 zikapakiwa melini. Tangu 1937 mifupa ya mnyama mkubwa kuliko wote waliochimbwa hapo imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, sawa na nyumba ya ghorofa nne.

Vitabu juu ya Tendaguru vimejaa maktaba za Ulaya, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Mtoto wa darasa la tano wa Nachingwea anahitaji kimoja kwa Kiswahili ambacho anaweza kukisoma peke yake, akaelewa mnyama huyo alikula nini, mifupa iligeukaje mawe, nani aliichimba, kwa ujira gani, na kwa nini ipo mbali na alikozaliwa. Kitabu hicho kitadai kila kilichosemwa jioni hii: vitenzi vyenye watu ndani yake, maneno mapya yaliyoelezwa mara moja, ukweli uliokaguliwa, na sura zilizosomwa kwa sauti mbele ya watoto kabla hazijakwenda kwa mchapaji. Watoto wakipiga miayo, sura irudi mezani.

Walimu waliokuja na madaftari wanaombwa wabaki dakika chache. Kwenye meza ya mlangoni kuna karatasi ya majina, shule moja mstari mmoja. Sura inayohitaji mtu wa kwanza ni ile ya wapagazi, kwa sababu itabidi mwandishi wake asafiri kwenda vijiji vinavyokizunguka kilima, akae na wajukuu wa waliobeba, na aandike wanayoyakumbuka kwa maneno yaleyale wanayoyatumia. Barabara hupitika vizuri zaidi kabla ya mvua za Novemba. Anayetaka kwenda aandike jina lake leo.